Kiti cha Karibu na Mlango

Kabla ya kuandika haya nilimwomba binti yangu ruhusa. Alikaa na simu yangu jioni nzima akisoma, akafuta aya mbili bila kunieleza sababu, kisha akasema nimwite Taji. Basi ni Taji, na mimi ni Baba Taji. Ana miaka 15 sasa. Yaliyotupata yalianza akiwa na 13, katika Gredi ya 8.

Mimi ni fundi wa friji na mashine za kufulia, Umoja, Nairobi. Mama yake alienda Saudia kufanya kazi za nyumbani Septemba 2022, mkataba wa miaka miwili, kwa sababu karo na kodi zilikuwa zimetushinda. Tukabaki wawili kwenye chumba na sebule. Nilijiona baba mzuri. Napika, nafua, naangalia daftari za shule. Ukiniuliza wakati huo mtoto yuko vipi ningekujibu yuko sawa, na ningekuwa nasema kweli kadiri ya macho yangu.

Siku ya kwanza ilikuwa Alhamisi moja, Februari 2024. Nilikuwa nimelala chali chini ya friji ya mteja huko Donholm simu ikalia. "Mzazi, kuja haraka, mtoto ameanguka." Nilipofika nilimkuta kwenye benchi nje ya stafurumu, anapumua kama aliyekimbizwa na mbwa, vidole vimekunjamana na kukauka, machozi yanamtoka bila sauti. Walimu watatu walikuwa wamemzunguka pamoja na pasta wa kanisa la jirani, aliyeitwa kabla yangu. Pasta alikuwa ameshika kichwa cha Taji anakemea. Mwalimu mmoja akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa siri, "Baba Taji, haya mambo ya wasichana tunayajua. Ni mapepo."

Sikubisha. Nilisema asante.

Wiki iliyofuata akaanguka tena, na siku mbili baadaye msichana mwingine wa darasa hilo naye akaanguka. Hapo shule ikaona Taji ndiye anayeambukiza wenzake. Nikaambiwa nimweke nyumbani "mpaka apone kabisa". Hakuna barua niliyopewa wala tarehe ya kurudi. Nilikubali, nikashukuru tena. Alikaa nyumbani wiki tano, na hadi leo hakuna karatasi popote inayoonyesha kwamba shule ndiyo iliyomrudisha nyumbani. Kwenye rejista ameandikwa hakuhudhuria, basi. Ukiambiwa mtoto akae nyumbani, omba iandikwe: kwa nini, na mpaka lini. Mara nyingi anayetakiwa kuandika hugundua hana la kuandika, na mtoto anabaki darasani.

Hospitali nilianza na kliniki ya mtaani. Mtu yeyote wa Nairobi anajua utakachoambiwa kliniki ya mtaani: taifodi. Ukiwa na bahati, taifodi na bakteria wa tumbo wale wanaoleta vidonda. Taji alipatikana na vyote viwili. Sindano siku tano na mfuko wa vidonge, shilingi 4,800. Alipoanguka mara ya tatu nikamkopea pesa na kumpeleka kwa daktari wa kulipia mjini. Yeye alisema huenda ni kifafa. Tukafanya kipimo cha umeme wa ubongo, kile cha kubandikwa nyaya kichwani, shilingi 8,500. Kikatoka safi. Daktari akaeleza kwamba kipimo kuwa safi si uthibitisho kuwa mtu hana kifafa, na baadaye nilijua hilo ni kweli. Kwa hiyo akaandika dawa za kifafa. Taji akawa analala mchana kutwa kama mtoto mchanga, na bado akaanguka.

Sitaki kumlaumu yule daktari peke yake. Mimi ni fundi. Kuna mteja anayenichefua kuliko wote: yule anayekuja na friji isiyopoza na kusema, "Jaza gesi tu." Hataki nitafute inapovuja. Nikiijaza, itapoza wiki mbili kisha atarudi ananitukana. Sasa kule hospitali mteja wa kusema jaza gesi tu nilikuwa mimi. Nilitaka jina la ugonjwa na dawa yake nirudi kazini. Na kila swali daktari alilouliza, nililijibu mimi. "Anahisi nini kabla ya kuanguka?" Kizunguzungu, nikasema. Mtoto alikuwa amekaa hapo pembeni. Hakuna aliyemgeukia.

Asubuhi moja ya Machi alikataa kuamka. Nilikuwa nimechelewa kazini, nina deni, sijalala vizuri. Nilimchapa kwa mshipi. Hakuanguka siku hiyo. Alinyamaza tu, akaendelea kunyamaza karibu wiki nzima. Aya hii nilimwomba aifute, kwa kuwa ndiye mwenye kalamu. Alikataa, akasema ibaki.

Katikati ya Machi hiyohiyo madaktari wa hospitali za umma waligoma, na mgomo ukaenda siku 56, hadi Mei 8. Pesa ya kliniki za kulipia nilikuwa nimeimaliza. Kisha ikaja mvua ile ya 2024 iliyofanya serikali kusogeza ufunguzi wa shule mara mbili, hadi Mei 13. Kwa hiyo tulikaa nyumbani bila shule na bila daktari, mvua inapiga mabati ya jirani. Nikaona kitu. Taji hakuwa anaanguka.

Nina daftari la kazi, la kuandika friji ya nani, tatizo gani, kipuri gani, bei gani. Nililigeuza nyuma nikaanza kuandika ya Taji: tarehe, siku ya wiki, saa, alikuwa wapi, alikula nini, ilichukua dakika ngapi. Za zamani nilizikumbuka kwa kuangalia siku nilizopigiwa simu na malipo ya M-Pesa ya kliniki. Nikitazama hiyo orodha nikaona Alhamisi, Alhamisi, Ijumaa, Alhamisi, Alhamisi. Hata Jumapili moja haikuwamo.

Ningekuwa na akili ningeliweka daftari hilo mfukoni na kungoja. Badala yake nilimuuliza Taji, "Alhamisi mna somo gani?" Akasema hisabati, vipindi viwili. Nilijua pia kwamba mwalimu wa hisabati husoma alama kwa sauti mbele ya darasa, na huchapa viganja. Basi. Nikawa nimepata inapovuja.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda siku ya kwanza. Binamu yangu karani alikuwa ameniambia kuhusu kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kinachokataza kumwadhibu mwanafunzi kikatili, awe ameumizwa mwili au akili. Nikakisoma kwenye simu mbele ya mwalimu mkuu, kwa sauti ya juu, mlango uko wazi na watoto wanapita. Nikamtaja mwalimu wa hisabati kwa jina. Nikataka ahamishwe, nikataka kuombwa msamaha. Mimi, mwenye mshipi ukutani nyumbani. Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka nikamaliza pumzi, akasema, "Mzazi, ukitulia utarudi." Nikatolewa na askari wa geti kwa heshima, ambayo ni mbaya kuliko kusukumwa.

Kuchapa watoto ni kosa na kifungu kile ni cha kweli. Lakini nilikuwa nimekibeba kwenda kwenye vita isiyokuwa yake, kama nitakavyoeleza.

Aliyenitoa hapo ni mteja. Sista mmoja, muuguzi mstaafu wa Buruburu, nilikwenda kumbadilishia themostati. Nikiwa nafunga skrubu aliniuliza habari za watoto, na mimi nikamwaga yote. Akauliza swali moja: "Umeshampeleka Mathari?"

Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka. Nani asiyejua maana ya neno hilo hapa mjini? Mtu akikuambia umetoroka Mathari anakutukana. Hata tahajia yake ina mkanganyiko wake: mtaa ni Mathare, hospitali ni Mathari, na tangu 1910 ndipo wagonjwa wa akili wa nchi hii wanapopelekwa. Nilimwambia sista mtoto wangu si kichaa. Akanitazama juu ya miwani. "Baba Taji, sijasema kichaa. Kuna kliniki ya watoto na vijana pale. Wanakuja na sare za shule, wanatibiwa, wanarudi darasani. Mpeleke na hilo daftari lako."

Mama Taji alipopiga Jumatano nikamwambia. Alilia. Kisha akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao kwa ufupi ulisema: akiingia pale hataolewa, usinifanyie hivyo nikiwa mbali. Nilikwenda bila idhini yake, na hilo lilituchukua muda kulimaliza kama mume na mke. Kama mko wazazi wawili, maneno haya muyamalize kabla ya siku ya kliniki. Sisi tuliyamaliza baada, kwa simu, mtoto akisikia upande mmoja.

Tulikwenda Mei 28. Kutoka Umoja unapanda matatu ya Outering mpaka Allsops, kisha nyingine ya kwenda mjini. Makanga akaanza kuita, "Mathari wapo? Mathari!" Taji akanifinya mkono. Hakusema kitu. Tukaipita hospitali, tukashuka Pangani, tukarudi kwa miguu kando ya barabara ya Thika, magari yanatupuliza vumbi. Alikuwa amevaa kofia ya sweta ingawa jua lilikuwa kali. Tulifanya hivyo kila mara kwa miezi minne. Siku moja makanga akaita, naye Taji akajibu mwenyewe, "Shukisha." Lakini hiyo ni baadaye.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alisoma daftari langu lote, ukurasa kwa ukurasa, ndiye wa kwanza kufanya hivyo. Kisha akasema, "Asante, Baba Taji. Sasa naomba ukae nje." Nilikaa nje dakika 50. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kukaa nje.

Mzazi mwenzangu, ukiambiwa utoke, toka. Usisikilize mlangoni. Na kama daktari wa mtoto wako wa miaka 13 hajawahi kukuomba utoke, mwombe wewe.

Nilichoambiwa baada ya hapo niliambiwa kwa ruhusa ya Taji, naye akiwepo. Haikuwa hisabati. Mwajiri wa mama yake alikuwa anampa simu Jumatano usiku peke yake. Zipo Jumatano ambazo simu haikuja. Taji alikuwa ameona mtandaoni video za majeneza ya wasichana wa Kenya yakishushwa uwanja wa ndege kutoka Ghuba. Kwa hiyo Jumatano ikipita kimya, yeye alikuwa anaamka Alhamisi na mama aliyekufa kichwani, anaenda nayo shuleni, na mahali fulani kati ya gwaride na kipindi cha tatu mwili unagoma. Wakati wa mafuriko alikuwa karibu na simu yangu siku nzima, anaona mama yake alikuwa mtandaoni lini mara ya mwisho. Ndiyo maana alitulia.

Nilimuuliza kwa nini hukuniambia. Alisema, "Dadi, hukuuliza. Na Mami alienda kwa sababu ya karo yangu."

Daktari alituchorea jinsi mwili unavyofanya. Hofu kubwa ikija, mtu anapumua haraka kuliko mwili unavyohitaji. Kabonidioksaidi inapungua kwenye damu, midomo na vidole vinaanza kuwasha na kufa ganzi, misuli ya mikono inakaza, kichwa kinazunguka. Mtoto anadhani anakufa, hofu inazidi, anapumua zaidi. Wao wanaita shambulio la hofu, au paniki. Si maigizo. Si pepo. Na kumshikilia mtoto kwa nguvu huku watu wanne wakipiga kelele juu ya kichwa chake ni kumwongezea moto. Unakaa naye chini, unaongea polepole, unamwongoza atoe pumzi ndefu kuliko anayovuta, unamwambia itapita, na huwa inapita, kwa kawaida ndani ya nusu saa.

Kulikuwa na jambo la pili. Alikuwa amemwambia daktari kwamba wakati mwingine anatamani asiamke. Nilisikia hayo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki na sikujua mikono niiweke wapi. Jambo la kwanza lililonitoka mdomoni, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Tafadhali usiliandike." Wakati huo kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai Kenya, kifungu cha 226, na mimi nikaona polisi mlangoni. Daktari akanieleza kwamba kutamani kutoamka si kosa, ni dalili, na kwamba akiliacha nje ya faili, daktari atakayemwona Taji siku yeye hayupo hatajua cha kuuliza. Akaniambia pia kitu nilichokuwa nakiogopa bure: kumuuliza mtoto waziwazi kama anawaza kufa hakumpi wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitua. Kifungu chenyewe Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Siku hiyo niliituma habari hiyo kwa yule sista.

Nyumbani nikafungia dawa zote kwenye sanduku langu la vifaa, ufunguo shingoni. Nikaandika namba mbili kwenye mlango wa friji: 1199 ya Msalaba Mwekundu na 116 ya watoto. Hazilipishwi. Ya 1199 niliipiga mimi usiku mmoja, saa nane, si kwa ajili ya Taji, kwa ajili yangu. Aliyepokea hakuniambia jambo kubwa. Aliniuliza kama nimekula.

Tarehe ya kurudi ilikuwa Juni 25, 2024. Mkenya yeyote anajua Jumanne hiyo ya maandamano. Matatu hazikuonekana, mjini mabomu ya machozi, bunge likavamiwa. Sikuwa na namba ya simu ya kliniki wala sikujua nikikosa siku nafanya nini, tukakaa wiki mbili tukidhani tumepoteza nafasi. Uliza kabla hujatoka: nikikosa tarehe nifanyeje, na nimpigie nani. Andika kwenye jalada la kadi, si kwenye simu, maana simu huibiwa.

Sasa shule. Daktari aliniandikia barua, nami kwa furaha nikatoa nakala tatu: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, na mwalimu wa hisabati kama njia ya kumwomba radhi. Kufikia Ijumaa darasa zima lilikuwa linajua. "Mgonjwa wa Mathari." Mtu aliandika hivyo kwenye dawati lake. Sheria ya Afya ya Akili ilipofanyiwa marekebisho 2022 iliweka haki ya mgonjwa kutunziwa siri, lakini barua yenye nembo ya hospitali ikiachwa juu ya meza ya stafurumu, sheria haina la kufanya. Kosa ni langu. Barua ya pili daktari aliiandika tofauti: haina jina la ugonjwa, inataja tu anachohitaji mwanafunzi akiwa shuleni. Niliitia kwenye bahasha nikaifunga, nikampa mwalimu mkuu mkononi, na nyuma ya daftari nikaandika nimempa nani, siku gani. Ukiombwa barua, omba ya namna hiyo tangu mwanzo.

Mwalimu wa hisabati nilimfuata nje ya geti jioni moja. Nilimwambia nilikosea kusema yeye ndiye chanzo. Hakunirahisishia. Alisema nimemwaibisha mbele ya watoto, na ilikuwa kweli. Kisha, tukiwa tunatembea kuelekea steji, akaniuliza, "Kwani akianguka mtu anafanya nini hasa?" Nikamwonyesha ile pumzi pale kando ya barabara, wanaume wawili wazima wanapuliza hewa kama wanazima mshumaa.

Kikao chenyewe na shule kilifanyika Julai. Safari hii nilikuwa na madai yangu kwenye kurasa tatu zilizochapishwa kwenye saiba ya jirani kwa shilingi 60. Walimu wasome alama kimya. Kiboko kikomeshwe. Wiki tano zifidiwe kwa masomo ya ziada. Pasta aombe msamaha. Madam wa ushauri nasaha wa shule alinisikiliza, akageuka upande wa pili wa meza. "Na wewe Taji, unataka nini?"

Taji akasema anataka kiti cha karibu na mlango. Ili akihisi inakuja atoke bila kupita katikati ya watu. Na asiulizwe anaenda wapi, akakae kwenye ngazi dakika kumi, arudi. Na pasta asiitwe. Hayo tu.

Mwalimu mkuu akasema, "Hilo tunaweza leo." Na kweli alihamishwa kiti siku hiyohiyo. Kurasa zangu tatu nilizirudisha mfukoni. Sisemi zilikuwa za bure; la kiboko nililirudisha baadaye kupitia kikao cha wazazi, tukiwa wengi, na hapo lilisikika. Lakini lile halikuwa ombi la Taji, lilikuwa langu, na nilikuwa nimelibeba kwa jina lake.

Pesa niseme, maana watu huficha. Kuanzia Februari hadi Desemba 2024 nilihesabu kama 61,000, bila siku nilizokosa kazi. Zaidi ya nusu ilikwenda kabla ya Mathari, kwa taifodi isiyokuwepo, kwa kipimo, kwa dawa za kifafa, ambazo daktari mpya alizipunguza kidogokidogo mpaka akaziondoa. Mwanasaikolojia wa kulipia niliyemwongeza Buruburu alikuwa 3,000 kwa kikao, vikao sita. Ndiye aliyemfundisha kurudi shuleni kwa vipande: kwanza mpaka mapumziko, kisha mpaka chakula, kisha siku nzima. Baada ya sita pesa ikaisha, tukaendelea na kliniki ya hospitali peke yake, na ilitosha. Ningejua ningeanzia hapo.

Kosa la mwisho nitakalotaja lilitokea Oktoba. Agosti daktari alikuwa amemwanzishia dawa, kidonge kimoja kila asubuhi, akatuonya kwamba itachukua wiki kadhaa kabla hatujaona tofauti, na kwamba tusiiache ghafla. Oktoba 1 NHIF, bima ya afya ya serikali, ikaisha ikaja SHA, na sisi wa jua kali, tunaojiajiri, tukatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Mwezi huo kazi ilikuwa haba. Nikaanza kukata vidonge katikati ili vifike mwisho wa mwezi, bila kumwambia mtu. Taji akawa na kizunguzungu, hasira za ghafla, usingizi ukapotea. Nilipokiri, daktari hakunigombeza. Alisema, "Ungenipigia, tungepanga." Namba yake ya kliniki wakati huo ilikuwa mlangoni pa friji. Aibu ndiyo iliyonizuia.

Mama Taji tayari alikuwa amefanya jambo ambalo pengine lilisaidia kuliko vidonge. Mwezi Juni, alipoelewa, alimkalisha bosi wake wa kike akamweleza kuhusu mtoto. Mwanamke yule, tuliyekuwa tukimsema vibaya kila siku, akakubali ujumbe mmoja kila alfajiri. Saa za Riyadh ni sawa na zetu. Saa kumi na moja na nusu simu ilikuwa inalia chini ya mto wa Taji: "Niko sawa, mama." Alirudi mwishoni mwa mwaka. Siku chache baadaye tulikwenda Mathari sote watatu, naye akashuka kwenye matatu wa kwanza, amebeba chakula, kama mtu anayekwenda kumwona jamaa.

Hajapona kwa namna ya kusema imekwisha. Mwaka wa 2025 ameanguka mara mbili ninazozijua, na vitu vingine vimekuja na umri ambavyo si vyangu kuvisimulia. Mtihani wa Gredi ya 9 ameufanya. Mapema mwaka huo nilikwenda kumkumbusha mwalimu mkuu kuhusu kiti. Akasema Taji ameshakuja mwenyewe wiki iliyopita.

Daftari nalo si langu tena, alilichukua likizo ya Aprili akasema mwandiko wangu haueleweki. Juzi nilikuwa natafuta bei ya kompresa niliyoandika zamani, nikalifungua bila kufikiria. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwandiko wake: "Alhamisi. Ngazi. Dakika 6. Nikarudi. Sijamwambia Dadi." Nililifunga nikalirudisha lilipokuwa, na bei ya kompresa nikamuuliza muuzaji.